Shubiri Moja Juu ya Lami

Jumanne, saa kumi na robo alasiri, ndege ya viti hamsini ilisimama ikiwa imebakiwa na hatua arobaini za lami. Abiria arobaini na sita walishuka. Wahudumu wawili walishuka. Rubani msaidizi alishuka. Kapteni naye alishuka mpaka shubiri moja kutoka ardhini, akaishia hapo.

Wa kwanza kuona alikuwa mtu wa ngazi, yule anayesukuma ngazi na kuweka vizuizi kwenye magurudumu. Alikuwa amechuchumaa, macho yake yako usawa wa viatu.

"Kapteni, hujafika chini."

"Nimefika. Ndege si hii hapa?"

"Ndege imefika. Wewe bado kidogo."

Kapteni alitazama. Viatu vyake vilikuwa mahali pake na kivuli chake mahali pengine, na katikati palikuwa na upepo unaopita. Alisema hilo ataliangalia baadaye. Akachukua begi lake, akatembea kuelekea ofisini kwa mwendo wake uleule, hewani. Mtu wa ngazi akarudi kwenye vizuizi vyake, maana magurudumu yalikuwa yanafuka moshi, na kazi yake ilikuwa magurudumu.

Rubani msaidizi alimfuata nyuma, macho kwenye ile nafasi kati ya soli na lami. Alijua imetoka wapi.

Katika kazi yao, futi elfu moja juu ya uwanja, kuna mahali pasipo na alama yoyote ambapo kila rubani anapajua kama anavyojua mlango wa kwake. Ndege ikipita hapo inatakiwa iwe imetulia. Mwendo uwe ule uliopangwa, magurudumu yawe yameshatoka, pua ielekee katikati ya njia ya kutua, na iteremke polepole kama mtu mzima anavyoshuka ngazi. Kimoja kikikosekana hakuna mjadala. Anayesoma mishale ya vipimo anasema neno moja, "Pandisha," na anayeendesha anaongeza nguvu, anarudi juu, anazunguka, anakuja upya. Kitabu cha kazi kinasema hivyo, tena kwa herufi kubwa.

Jumanne ile, walipofika futi elfu moja, mwendo ulikuwa umezidi kwa maili ishirini na tano kwa saa. Kando ya njia kuna taa nne. Ukiwa sawa unaziona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Wao waliziona zote nyeupe, maana yake wako juu mno. Sauti ya mashine ikasema wanateremka kwa kasi. Mashine haina mkwe, husema tu.

Rubani msaidizi alikuwa na mkwe, na mkwe mwenyewe ndiye aliyeshika usukani.

Alikuwa amemuoa binti wa kapteni miaka miwili nyuma. Karani wa ratiba alipowapanga pamoja aliona amewafanyia hisani. "Mtu na mkwewe," alisema, "si mtakuwa mnapeana lifti asubuhi." Hakuwaza zaidi ya hapo, na kwa kweli lifti walipeana.

Basi rubani msaidizi hakusema "Pandisha." Neno hilo likiwa peke yake, bila kitu mbele wala nyuma, ndivyo unavyomwambia mtoto ambaye suruali imemshuka. Huwezi kumwambia hivyo mtu aliyekupa mke. Kutoka futi elfu moja mpaka futi mia tatu alikuwa anatunga sentensi. Kisha akaitoa: "Samahani mzee, naona kama mwendo umezidi kidogo, sijui wewe unaonaje." Ni sentensi nzuri. Mama yake angeisikia angejua malezi yake hayakupotea. Alipofika kwenye "unaonaje," ua wa uwanja ulikuwa unapita chini yao.

"Naona tumeshafika," kapteni alimjibu.

Na kweli wakafika, nusu ya njia ikiwa imebaki nyuma.

Nyumbani, mke wa kapteni hakuuliza maswali mengi. Alikuwa fundi cherehani, na fundi hupima kwanza. Akachukua futi yake ya kitambaa, akapiga magoti, akapima kutoka sakafuni hadi kisigino.

"Ishirini na mbili," alisema, pini ziko mdomoni. "Mtu hawezi kuja kwa pupa kila siku akategemea afike mzima. Simama wima."

"Nimesimama."

"Basi acha kuelea ninapopima."

Akazishusha suruali zake zote za kazi sentimita ishirini na mbili, hadi zikafunika viatu na hewa iliyo chini yake. Walioonana na kapteni wiki ile walidhani amerefuka. Daktari wa kampuni alimpima presha, macho na masikio, akakuta vyote viko sawa, akaandika kwamba anafaa kuruka. Kuhusu miguu alisema amewahi kuona. "Iliyopanda haishuki," alisema. "Lakini si lazima izidi. Inategemea unavyotua."

Binti wa kapteni wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliposikia jibu la daktari alihesabu kwa vidole, akamtazama mumewe, akaendelea kukunja nguo.

Rubani msaidizi alikwenda kwa mkuu wa marubani. Ukutani, nje ya ofisi ya mkuu, palikuwa na ubao wenye majina ya marubani wote, na kwa wino mwekundu idadi ya mara ambazo kila mmoja amerudi juu badala ya kutua. Aliyerudi juu aliandika barua ya maelezo: kwa nini, dakika ngapi zimepotea, abiria walisema nini. Aliyetua hakuandika kitu, atue vyovyote, ilimradi ndege isimame juu ya lami. Mbele ya jina la kapteni hapakuwa na wino mwekundu kwa miaka kumi na moja. Ndiyo maana walimwita Msumari.

"Mkuu, Jumanne tulikuwa hatujatulia."

"Mlitua?"

"Tulitua."

"Sasa unalalamika nini?"

"Kapteni yuko juu, mkuu. Shubiri moja."

Mkuu alifunga faili. Meza yake ilikuwa imeinuliwa kwa matofali na kufunikwa kitambaa kilichofika sakafuni, na rubani msaidizi siku zote alidhani huo ni ukubwa wa cheo. Mkuu aliposogea kufunga dirisha, kitambaa kikajikunja, na viatu vyake vikaonekana vikining'inia usawa wa droo ya pili.

"Tunazoea, kijana," mkuu alisema. "Ukitoka, vuta mlango."

Miezi iliyofuata mvua zilikuwa nyingi na mnara wa kuongozea ndege uliwachelewesha watu juu, kisha ukawaambia washuke upesi. Kapteni alitua kila mara. Wiki moja aliongeza vidole vinne, nyingine shubiri nzima. Sahani yake ikahamia juu ya kabati. Kuingia chumba cha marubani alilazimika kulala kifudifudi hewani, wahudumu wakimsukuma nyayo, mmoja akisema, "Kushoto kidogo, kapteni, begi la watu." Akifika kwenye kiti alivutwa chini na mkanda, na mkanda ukishafungwa alikuwa rubani kama rubani mwingine.

Kila mara rubani msaidizi alisema sentensi yake. Aliifupisha. Alitoa "sijui wewe unaonaje." Akatoa "kidogo." "Samahani mzee" ilikataa kutoka. Mama yake alikuwa amemlea kwa ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika utoto wake wote hakufundishwa ya mkuu asiyesikia la mdogo.

Mtoto alizaliwa kapteni akiwa mita moja na sentimita kumi kutoka ardhini. Alikuwa wa kike. Babu alichuchumaa hewani, akanyoosha mikono, akampokea, akampakata muda mrefu. Mtoto akaona kawaida. Mara ya pili, wiki tano baadaye, binti alipanda kiti ili ampe.

Jioni hiyo binti alimbana mumewe jikoni.

"Wewe ndiye uko naye kule. Mwambie pandisha."

"Baba yako? Nimwambie pandisha, kama nafukuza mbuzi?"

"Mbuzi humwambii pandisha."

"Unajua ninachosema."

"Najua. Unaogopa."

"Siogopi. Namheshimu."

"Basi mheshimu wakati bado anafikika."

Akaushika mwiko kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama usukani. "Mimi ni baba. Nakuja vibaya. Futi elfu moja. Haya."

"Samahani—"

"Kosa. Haya."

"Mzee—"

"Umeua watu. Haya."

Mara ya tisa alilitoa lote, kavu, kwa sauti iliyovuka ukuta. Jirani upande wa pili akauliza, "Nipandishe nini?" Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Kapteni mwenyewe hakuwa mjinga. Jumapili moja mkwewe alimkuta barazani, amekaa juu ya hewa kama mtu aliyekaa juu ya ukuta, vidole vya miguu vikigusa mgongo wa kiti kitupu.

"Unadhani sijui?" kapteni alisema. "Mara ya kwanza niliona aibu kuandika barua, nikatua. Mara ya pili nikaona kumbe inawezekana. Baada ya hapo wakanipa jina, na jina likaanza kuendesha ndege. Mimi mwenyewe siwezi kuanza, mwanangu. Mkono unakataa. Nikisikia mtu amesema, labda utakubali. Ukiona, sema."

"Nitasema, baba."

"Na kule usiniite baba."

"Sawa, baba."

Kapteni alitikisa kichwa, akaomba apewe chai kwa mti wa ufagio, ambao siku hizo walimpandishia vitu.

Ikawa Alhamisi. Mvua ilikuwa imekaa upande wa pili wa uwanja na mnara ukawashikilia juu kwa ajili ya ndege nyingine, kisha ukawaachia wamechelewa. Magurudumu yalitoka walipokuwa futi elfu moja na mia moja. Kwenye elfu moja mwendo ulizidi kwa kumi na nane. Taa nne, zote nyeupe.

"Pandisha," rubani msaidizi alisema.

Hakuna kilichotangulia neno hilo na hakuna kilicholifuata. Mkono wa kapteni ulisukuma nguvu kabla neno halijaisha, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisubiri kugongewa. Pua ikainuka. Mvua ikateleza kwenye kioo. Magurudumu yakarudi tumboni, uwanja ukapita chini, ukabaki nyuma, mdogo.

"Ahsante," kapteni alisema.

"Karibu, mzee," rubani msaidizi alisema, kwa kuwa sasa muda ulikuwepo.

Walizunguka dakika kumi na moja. Walipokuja tena taa zilikuwa mbili nyeupe, mbili nyekundu, na ndege ikagusa lami kwa upole hivi kwamba kuna abiria aliyelazimika kuamshwa. Nyumbani mke wa kapteni alipima. Akapima tena. Mita moja na tisini, palepale pa Jumatatu.  Alikaa chini akakata uzi kwa meno, ingawa hakuwa anashona. Siku hiyo waliweka ngazi ya fundi rangi uani, binti akapanda na mtoto, na babu akampakata kwa mara ya tatu. Aliimba wimbo ambao hakuna aliyejua kama anaujua.

Ijumaa walitakiwa kuandika barua mbili, kila mmoja yake. Wino mwekundu ukaingia mbele ya jina la kapteni.

"Nani alisema?" mkuu wa marubani aliuliza.

"Mimi."

"Na mngetua, mngekufa?"

"Sijui, mkuu."

"Unaona? Hujui."

Jumatatu karani wa ratiba alimwita rubani msaidizi. Aliongea kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba wao ni mtu na mkwewe. Ndugu kuruka pamoja si vizuri kwa usalama. Kapteni atapangiwa mwingine. Yeye atakaa mwezi mmoja chumba cha mafaili, kusaidia.

"Ulijua siku zote kwamba ni mkwe wangu."

"Mimi nilijua, kaka. Kampuni ndiyo imejua leo."

Mwingine aliyepangiwa kapteni alikuwa kijana mpole ambaye wenzake walimwita Ndiyo Mzee. Rubani msaidizi alimsubiri kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi.

"Mkono wake unangoja neno tu," alimwambia. "Neno moja. Ukiona, sema. Atapandisha, nakuapia."

"Mimi?" Ndiyo Mzee alisema. "Mimi nina mkataba wa miezi mitatu, kaka. Wewe una mkwe, angalau."

Rubani msaidizi alimwacha hapo mlangoni. Alimsogelea karani, akaomba abadilishiwe. Alimwandikia mkuu. Alimwambia kapteni, na kapteni akasema kijana ni mtaratibu, labda atazoea.

Siku ya kumi na saba ya mwezi ule wa mafaili, saa tisa alasiri, dirisha la chumba cha mafaili lilikuwa wazi. Rubani msaidizi alisikia injini kabla ya kuona ndege, akajua kwa mlio tu. Kisha ikatokea juu ya ua, juu mno, kasi mno, imejishusha pua kama ng'ombe aliyeona maji.

"Pandisha!" alisema. Mafaili mawili yalianguka.

Mwanamke wa mafaili aliinua kichwa. "Hakusikii kutoka hapa," alisema, wala si kwa ubaya.

Ndege iligusa chini ikiwa imebaki theluthi ya lami, lami ikaisha, ikaendelea kwenye majani, gurudumu la mbele likakatika. Abiria tisa waliumia shingo na mmoja alivunjika mkono. Walipofungua tundu la dharura juu ya chumba cha marubani kapteni alifungua mkanda, akatoka kupitia hapo, akapanda, akasimama hewani juu ya ndege. Zimamoto walimfikia kwa ngazi ya gari lao na kumvuta mpaka nyumbani kwa kamba, polepole, gari likiwasha taa za kuonyesha kwamba linakata kona.

Ndiyo Mzee aliulizwa aliona nini. Alisema aliona njia imelowa. Ripoti ikaandika kwamba njia ilikuwa imelowa.

Kampuni ilimstaafisha kapteni kwa heshima. Mkuu wa marubani alikuja mwenyewe, suruali yake ndefu ikiburuta uani, akasoma cheti kwa sauti ili mstaafu asikie: miaka thelathini ya utumishi, katika miaka kumi na moja na zaidi ya mwisho amerudi juu mara moja tu. Akaomba mti. Cheti kikapandishwa.

Kapteni anakaa juu ya nyumba yake. Amefungwa kiunoni kwa kamba kwenye mguu wa tangi la maji, na mvua ikinyesha mkewe humrushia turubai. Ndege zinazokwenda kutua hupita upande wa kushoto wa tangi. Zile zilizotulia huziacha zipite. Zile ambazo hazijatulia huziambia neno lake kwa sauti kubwa, kavu, bila samahani, na majirani wamezoea, wanajua siku nyingine atalisema mara moja na nyingine mara sita. Mpaka leo hakuna iliyopanda. Mkewe humwambia ale kwanza, chakula kinapoa haraka huko.

Rubani msaidizi amerudishwa kazini. Sasa makapteni wake si wakwe, ni watu baki, na mmoja ni mdogo kwake kwa umri. Barua yake iko kwenye faili, amewahi kuishika kwa mkono wake. Akiona jambo husema, "Samahani kapteni, naona kama." Asubuhi moja bafuni aliona maji ya sabuni yakipita chini ya nyayo zake bila kuzigusa. Alimaliza kuoga. Mkewe alimkuta akijifuta, akatazama chini, akamtazama mumewe, akampa taulo nyingine.

Kurudi juu, ile Alhamisi moja, kuligharimu dakika kumi na moja, barua mbili, na mwezi mmoja wa mafaili.

Kutua kumegharimu shingo tisa, mkono mmoja, na gurudumu la mbele. Kapteni yuko mita sita na robo. Mkewe analala upande wake wa kitanda na upande wa pili anaweka nguo zisizokwisha kushonwa. Rubani msaidizi yuko vidole vitatu. Mkuu wa marubani hakuna anayempima.

Mtoto ana miezi kumi na minne na ameanza kutembea. Babu yake amempakata mara tatu.